Dini ya Moyoni na Dini ya Daftarini

Katika miaka yangu ya mwanzo ya utumishi serikalini nilikuwa karani katika ofisi moja ya mkoa wa Tanga. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwajazia fomu watu wasiojua kuandika, na wengi wao walikuwa wazee waliomaliza nguvu zao katika mashamba ya mkonge. Siku moja alinijia mzee mmoja wa namna hiyo. Nilimwamkia, akaniitikia, nikampa kiti, nikaanza kumwuliza. Jina, mahali alipozaliwa, idadi ya watoto, yote aliyajibu bila kusita. Tulipofika penye mstari ulioandikwa neno moja tu, "Dini", alinyamaza.

"Mwanangu," akasema, "unauliza ile niliyozaliwa nayo, ile niliyosomea, au ile niliyoolea?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, fomu ina nafasi ya jibu moja."

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi andika ile itakayonizika."

Alinieleza habari zake. Alipozaliwa, babu yake alimtambikia na kumpa jina la ukoo. Alipokuwa kijana alibatizwa katika shule ya misheni, akapata jina la pili. Alipokwenda kutafuta kazi mashambani alimpenda binti wa Kiislamu, akasilimu ili amwoe, akapata jina la tatu. Majina yote matatu alikuwa akiyaitikia, kila moja lilipotamkwa na watu waliolijua. Mkewe alikuwa hai, majirani zake walikuwa Waislamu, naye alitumaini kwamba hao ndio watakaomwosha na kumzika. Kwa hiyo niliandika "Mwislamu", nikapiga muhuri.

Kwa ujana wangu nilimwona mzee yule kuwa mtu asiye na msimamo. Leo naona kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijalielewa swali nililomwuliza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali hilo dogo ni zito, na jinsi historia ya nchi zetu ilivyolifanya kuwa maswali matatu katika neno moja. La kwanza ni hili: watu wako ni akina nani? La pili: umeandikwa katika daftari la nani? La tatu: wewe mwenyewe, moyoni mwako, unaamini nini? Kuna watu ambao majibu yao yote matatu hulingana. Wako pia wengi ambao majibu yao hayalingani, nao si wanafiki wala si wajinga.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ni shahidi asiyepewa rushwa. Katika Kiswahili tunasema "mila na dini" kana kwamba ni vitu viwili vilivyoachana. Mila ni ya wazee, dini ni ya vitabu. Lakini maneno yote mawili tuliyapata kwa Waarabu, na kwa Kiarabu neno lililotupa "mila" lina maana ya dini, au umma wa watu wa dini moja. Sisi ndio tuliolihamisha. Tulilichukua neno la dini tukawapa babu zetu kwa ajili ya matambiko yao, tukabaki na "dini" kwa ajili ya msikiti na kanisa. Wahenga waliposema kwamba mwacha mila ni mtumwa, walikuwa wakitumia neno ambalo katika asili yake lingeweza kusomwa kuwa mwacha dini ni mtumwa. Mpaka kati ya mambo haya mawili tuliuchora wenyewe, tena si zamani sana.

Kadhalika, mtazame Mkristo anaposali kwa Kiswahili. Anakwenda kanisani, anaungama dhambi, anataja malaika, anasikiliza Injili. Na maneno hayo yote manne yalifika pwani kwa njia ya Kiarabu. Mtazame na Mwislamu anapoomba kwa Kiswahili. Anamwita Mwenyezi Mungu, na neno Mungu halikutoka Uarabuni. Ni ndugu wa Mulungu, jina la Muumba linalotamkwa na makabila mengi ya Kibantu tangu kabla ya kufika Kurani na Biblia. Hivyo hata wale wanaoamini kwamba hawakuchangia chochote na jirani zao, hukopeshana kila siku katika sala.

Uislamu una umri mkubwa katika pwani yetu. Katika msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, yamo maandishi yaliyochongwa katika mawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Katika miji ya pwani dini haikuwa jambo ambalo mtu mmoja alikaa peke yake akalichagua. Ilikuwa sehemu ya mji, ya ukoo na ya uungwana. Mtu alizaliwa ndani yake kama alivyozaliwa ndani ya lugha. Hata hivyo, katika miji hiyohiyo ngoma za pepo zilichezwa, jando na unyago vilifanyika, na mizimu ilipelekewa ubani. Masheikh walikemea baadhi ya mambo hayo, na watu waliendelea kuyafanya huku wakisali sala tano. Waliofanya hivyo hawakujiona kuwa na dini mbili.

Tena, hata Uislamu wenyewe haukuwa jibu moja. Katika Zanzibar ya karne ya 19 masultani walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, na raia wao wengi Waislamu walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafii. Walikuwapo pia Mabohora, Ismailia na Ithnaasheri, pamoja na Wahindu waliokuja kwa biashara. Kwa mgeni, kusema "Mimi ni Mwislamu" lilikuwa jibu kamili. Kwa mwenyeji wa mji lilikuwa mwanzo tu wa jibu.

Katika Zanzibar hiyo alizaliwa, mwaka 1844, mtu ambaye maisha yake yanatuonyesha ugumu wa jambo hili kuliko hoja nyingi. Ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman. Alizaliwa katika jumba la Mtoni, akalelewa katika Uislamu, na alijifunza kuandika kwa siri, kwa sababu binti hakufundishwa kuandika. Alipokuwa mwanamke kijana alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete wa Hamburg, akachukua mimba. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa.

Tulitafakari jambo hilo. Ubatizo na ndoa vilifanyika siku moja. Ni nani awezaye kusema kwa hakika kwamba hapo palikuwa na imani tu, au mapenzi tu, au haja ya kulindwa tu? Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1885 alifika Zanzibar kudai urithi wake. Kaka yake, Sultani Barghash, alimkatalia. Machoni mwa jamaa zake alikuwa amekwisha kutoka katika dini, na aliyetoka katika dini ametoka katika mirathi. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na ndani yake alikiri kwamba aliondoka kwao akiwa Mwislamu kamili, lakini baada ya miaka yote ile hakujiona kuwa Mkristo mwema wala Mjerumani kamili. Alifariki mjini Jena mwaka 1924.

Daftari la kanisa lilimwandika Mkristo. Jamaa zake walimhesabu kuwa aliyeritadi. Yeye mwenyewe, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema, alisema kwamba jina lililo tayari halimtoshi. Msomaji asifikiri kwamba hayo ni mambo ya binti wa mfalme peke yake. Tofauti kati yake na mzee wangu wa mkonge ni kwamba binti alijua kuandika, akaacha ushahidi.

Sasa tuingie bara. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliupeleka Uislamu hadi Tabora na Ujiji, na wamisionari wakafuata njia zilezile. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo, na watu wengi wa kwanza kuishi humo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mtoto wa namna hiyo alikuwa amenyang'anywa ukoo, kijiji na mara nyingine hata jina lake. Dini mpya ilimpa jina, nyumba na ndugu kwa wakati mmoja. Itakuwa si haki kusema kwamba dini yake ilikuwa ya kulazimishwa tu, na itakuwa si kweli kusema kwamba aliichagua kama mtu huru anavyochagua.

Mahali pengine dini mpya ilikwenda pamoja na kitabu. Katika Buganda waliofuata dini za kigeni, Waislamu kwa Wakristo, waliitwa wasomaji. Kusoma na kuamini vilikuwa tendo moja. Wakati wa ukoloni, shule nyingi zikiwa mikononi mwa misheni, jambo hili lilizidi uzito. Wako waliobatizwa kwa sababu walisadiki. Wako waliobatizwa kwa sababu walitaka shule. Na wako wengi zaidi ambao waliingia kwa ajili ya shule, wakasadiki baadaye, na mpaka leo ni nguzo za makanisa yao. Mlango aliopitia mtu hauonyeshi alipofika.

Mfano mkubwa tunao katika jina tunalolitaja kila siku. Mwaka 1922, huko Butiama, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki alizaliwa siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21, akachagua jina la Julius. Hakubatizwa akiwa mchanga mikononi mwa mama. Alikuwa mtu mzima, msomi, aliyejua alitendalo. Alikuwa Mkatoliki mshika ibada hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1999, na mwaka 2005 Kanisa lake lilianza kumwita Mtumishi wa Mungu, katika safari ya kumchunguza kama astahili kuitwa mtakatifu. Lakini jina la Kambarage hakulitupa. Yumkini iko siku litatajwa madhabahuni, na mzimu wa mvua wa Wazanaki utakuwa umeingia kanisani kwa mlango wa mbele, bila mtu kuona ajabu. Kadhalika malenga wetu Shaaban Robert, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alikuwa Mwislamu mwenye jina la kwanza la mwezi wa Kiislamu na jina la pili la kizungu. Anayetaka kuijua imani ya mtu kwa kusoma jina lake atakosea mara nyingi.

Hata neno lenyewe "dini" lilipiganiwa. Katika nchi jirani ya Kenya, miongoni mwa Wabukusu wanaoishi karibu na Mlima Elgon, Elijah Masinde, aliyewahi kuwa mfuasi wa kanisa la Marafiki, aliongoza katika miaka ya 1940 kundi lililoitwa Dini ya Msambwa. Msambwa ni roho za wazee waliotangulia. Angeweza kuliita kwa maneno ya Kibukusu matupu. Alilichukua neno la Kiswahili "dini", lenye heshima ya msikiti na kanisa, akaliweka mbele ya mizimu ya babu zake, kana kwamba anaiambia serikali ya kikoloni: na sisi tunayo. Serikali hiyo ililipiga marufuku kundi lake mwaka 1948, na Kenya huru ikalipiga marufuku tena mwaka 1968. Serikali zilikuwa na sababu zao za kiusalama. Lakini swali la Masinde halikupigwa marufuku. Nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba hii ni dini na ile ni mila tu?

Hapa tunafika ofisini. Serikali ya kikoloni ilipenda kuandika: kabila, dini, kichwa cha kodi. Tanzania huru iliurithi mstari ule wa fomu, lakini haikuuacha kila mahali. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza wananchi dini zao. Sensa za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inaeleza kwamba kukiri dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini si sehemu ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Uamuzi huo wa sensa haukupokewa na wote kwa furaha. Kabla ya sensa ya mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai kwamba kipengele cha dini kirudishwe, na wengine wakawahimiza wenzao wasihesabiwe bila kipengele hicho. Hoja yao haifai kudharauliwa. Walisema kwamba takwimu za dini zinatajwa hata hivyo, katika vitabu na katika maneno ya watu, na kwamba asiyehesabiwa hawezi kujua kama anatendewa haki katika elimu na vyeo. Wenye hoja ya pili walijibu kwamba taifa likianza kujigawa kwa hesabu za dini, kila nafasi ya kazi itakuwa mzani, na mizani ya namna hiyo haina mwisho. Mimi naongeza hoja ya tatu, ya karani. Mzee wangu wa mkonge angehesabiwa wapi? Na watu wa namna yake ni wangapi? Takwimu ya dini hutuambia watu walijibu nini siku ile, mbele ya karani yule. Ni habari yenye faida, lakini haifiki ndani zaidi ya hapo.

Hata hivyo serikali haiwezi kuacha kuuliza kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya kiserikali. Inasema pia kwamba Wakristo wawili waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuigeuza ndoa yao kuwa ya wake wengi wakati wote wawili wanaendelea kukiri Ukristo. Hapo haki ya mke inasimama juu ya neno "wanaendelea". Katika mirathi nako, mtu akifa bila wosia na jamaa wakagombana kama igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali, mahakama zetu zimezoea kutazama mwenendo wa maisha ya marehemu. Aliishije? Alioaje? Aliwaleaje watoto wake? Jina na cheti hupokewa kuwa ushahidi, lakini havipewi kauli ya mwisho. Naona kuna hekima katika desturi hiyo. Inakubali kwamba dini ya mtu husomwa katika maisha yake yote, wala si katika mstari mmoja aliojaziwa na karani.

Hilo nililipata mwenyewe kwa njia ngumu. Miaka kadhaa baada ya siku ile, mzee wangu alifariki. Mkewe alikuwa amemtangulia. Watoto wake wawili walikuwa Waislamu, mmoja alikuwa Mkristo, naye alidai kwamba baba yake katika miaka ya mwisho alikuwa akimwomba amsomee Zaburi usiku. Wajomba nao walitaka arudishwe mlimani akazikwe karibu na babu yake. Maiti ilikuwa ndani, jua likipanda, na watu wamekaa makundi matatu uani. Mmoja wao akakumbuka fomu. Walinijia wakitaka niitoe, ili karatasi yangu ikate shauri.

Niliwaeleza kilichoandikwa. Nikawaeleza pia kwa nini kiliandikwa, na maneno aliyoyasema mzee kabla sijaandika: andika ile itakayonizika. Walinyamaza. Kisha yule mtoto Mkristo akasema, "Kama ndivyo alivyosema, basi aliwachagua majirani wake." Alizikwa jioni ile kwa taratibu za Kiislamu, na mtoto huyo alishika jeneza pamoja na nduguze. Usiku alimsomea Zaburi nyumbani kwake. Baada ya siku arobaini wajomba waliomba udongo kidogo wa kaburini, wakaupeleka mlimani. Hakuna aliyewazuia. Yaliyokuwa moyoni mwa mzee hakuna aliyedai kuyajua, na naamini hiyo ndiyo sababu hapakuwa na ugomvi.

Walimu wanaosoma makala haya wanaweza kuwapa wanafunzi wao kazi ndogo. Kila mmoja aende kwa wazee wa kwao akaulize majina yote ya babu na bibi zake, na jinsi kila jina lilivyopatikana: nani alilitoa, wapi, na kwa sababu gani. Wakirudi darasani wasiulizwe jina lipi ni la kweli. Waulizwe nini kilichokuwa kikitokea nchini wakati jina hilo lilipotolewa: njaa, vita, shule, mashamba, ndoa, safari. Mwanafunzi ambaye atagundua kwamba bibi yake alikuwa na majina matatu atakuwa ameisoma historia ya Tanzania ndani ya nyumba yake. Na siku moja akiwa karani, akimwona mzee amenyamaza mbele ya neno "Dini", atajua kuiweka kalamu chini kwanza na kumsikiliza.